Kapamu wa Mwanza, na vitu vyetu vilivyokwenda mbali na Lualaba

Katika Haut-Lomami, ukitaja jina la William Burton mbele ya wazee wa kanisa, wengi watakujibu kwa jina lingine: Kapamu. Ni jina Baluba walimupa, maana yake mtu wa kukimbilia mbele, yule anaanza kazi wakati wengine wangali wanazungumza. Alikufa mwaka 1971, mbali na Lualaba, na leo vijana wengi wa Kinkondja wanajua jina tu, hawajui mtu.

Tunaandika juu yake kwa sababu moja. Sisi watu wa Kinkondja, wale waliobaki kwenye maji na wale tuliokwenda kutafuta kazi kwenye migodi, tunataka fasi yetu iwe na nyumba ya kumbukumbu ya wavuvi. Si jumba kubwa kama la Kinshasa. Tunataka nyumba moja ya zamani kando ya maji, ya wale waliokuwa wanaweka nyavu na samaki ya kukauka, itengenezwe, ipewe ufunguo na mlinzi, na ndani yake tuweke mtumbwi, migono, ndoana, mikuki ya samaki, na majina ya watu. Lakini kila mara mtu anapouliza vitu vya zamani vya Baluba viko wapi, jibu linapita kwa Kapamu. Kwa hiyo ni vizuri kumjua, bila kumsifu kupita kiasi na bila kumtukana.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1886. Hakuanza kama mtu wa dini. Alisoma ufundi, akawa enjinia wa umeme, akafanya kazi ya mikono na ya mashini kama sisi wengine. Mwaka 1905 aliingia katika imani kwa nguvu, na baadaye akajiunga na Wapentekoste wa mji wa Preston, mji wa viwanda vya nguo huko kaskazini ya Uingereza. Hii tunaitaja makusudi. Watu walioleta ile misioni huku kwetu hawakuwa watoto wa wakubwa. Walikuwa mafundi na wafanyakazi, watu waliojua msumeno, nyundo na saa ya kuingia kazini. Hii ilionekana baadaye katika namna walivyojenga.

Mwaka 1914, wakati vita ya kwanza ya dunia ilikuwa inakaribia, Burton alipanda meli kwenda Afrika ya Kusini. Mwaka 1915 rafiki yake James Salter, naye wa Preston, akamfuata. Wakatafuta njia ya kuingia Kongo na wenzao wawili. Wakati ule Katanga ilikuwa na umri mdogo katika mambo ya wazungu. Kongo ilikuwa imetoka mikononi mwa mfalme Léopold wa Pili na kuwa koloni ya Ubelgiji mwaka 1908. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na shaba yake ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Reli ilikuwa inakuja kidogo kidogo kutoka kusini, na ilifika Bukama mwaka 1918 tu. Kwa hiyo Kapamu na wenzake walifika kwetu mbele ya treni. Mmoja wao, aliyekuwa mzee kuwapita, alikufa kwa homa pale Bukama. Wengine wakaendelea na njia ya maji.

Yeyote aliyepita na bato kutoka Bukama anajua ile safari. Lualaba inaacha kukimbia, inapanuka, inajifungua katika nchi ya maziwa: Upemba, Kisale, Kabamba na mengine madogo. Mafunjo yanafunika maji mpaka dereva wa bato anatafuta mlango. Katika Kisale kuna visiwa ambavyo havikushika chini. Ni mafunjo na majani yaliyofungana, yanaelea, na wavuvi wanajenga juu yake, wanapika moto juu yake, wanazaa watoto juu yake. Upepo ukibadilika, mtu anaweza kuamka asubuhi na kuona nyumba yake imesogea. Kinkondja iko pale pale, kwenye mlango wa ile nchi ya maji.

Kapamu hakukaa Kinkondja. Alichagua Mwanza, upande wa Malemba-Nkulu, akafika mwaka 1915, na pale akaweka makao kwa miaka karibu 45. Mwaka 1918 akaoa Hettie Trollip, mwanamke wa Afrika ya Kusini, na huyo mama akafanya kazi naye Mwanza. Misioni yao ikaitwa Congo Evangelistic Mission. Leo watoto wake ni kanisa kubwa, Communauté Pentecôtiste au Congo, ambayo watu wa Kamina na Haut-Lomami nzima wanaijua.

Alifika katika nchi iliyochoka. Wakati wa babu zetu, milki ya Baluba ilikuwa imepasuka kwa vita ya wandugu juu ya kiti cha ufalme. Wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wanaingia kutoka pande zote, mashariki kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, magharibi kutoka Bihé katika Angola. Kasongo Nyembo alipigana na serikali ya wazungu miaka mingi, na mwaka 1917 wakamkamata na kumpeleka mbali. Watu walikuwa wanalipa kodi, wanabeba mizigo, na vijana walikuwa wanachukuliwa kwenda migodini. Tangu mwaka 1910 kulikuwa ofisi ya kutafuta wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, na wengi kati ya babu za wafanyakazi wa leo walitoka kijijini kwa njia ile, si kwa kupenda.

Ni vizuri kusema jambo moja ambalo vitabu vya misioni vyenyewe havikulificha: Kapamu hakuanza kwenye fasi tupu. Baluba na Basonge waliouzwa zamani mpaka Angola walikuwa wamesikia Neno la Mungu kule, na walipopata uhuru wakarudi nyumbani kwa miguu, mamia ya kilometa, wakiwa na imani tayari. Wengine wao walikuwa wanatafuta mwalimu. Walipojua kwamba kuna mzungu Mwanza, walikuja. Mmoja aliyejulikana sana ni Shalumbo, Musonge, aliyeuzwa utumwani na kurudi, kisha akawa muhubiri mwenye nguvu na akafungua njia ya misioni kwenda kwa watu wake. Bila watu kama Shalumbo, mzungu mmoja mwenye haraka angehubiri mawe. Nyumba yetu ya kumbukumbu, ikisimama siku moja, ukuta wake wa kwanza ni wa watu hawa.

Mvuvi wa Kinkondja alikutana na misioni kupitia mtu mwingine, Edmund Hodgson, ambaye wenzake walimwita Teddy. Naye alitoka Preston, alikuwa fundi wa mbao, alipigana vita ya 1914, akaja Kongo mwaka 1920. Alifanya kazi kati ya watu wa maziwa, kwa mtumbwi, kutoka kisiwa mpaka kisiwa, na mwaka 1934 kitabu chake juu ya wavuvi wa Kongo kilichapishwa London. Hatusemi kwamba aliona kila kitu. Alitazama wavuvi kama mtu anayetaka kuwavua yeye mwenyewe, na jina la kitabu linasema hivyo waziwazi. Lakini ni moja ya vitabu vichache vya wakati ule ambavyo mtu wa mtumbwi na wavu ndiye yuko katikati, si mfalme wala askari.

Turudi kwa Kapamu. Pamoja na mahubiri alikuwa na ugonjwa mwingine, ugonjwa mzuri: alitaka kujua kila kitu. Alijifunza Kiluba mpaka wenyeji wakashangaa. Alichora ramani. Alichora picha kwa rangi, bila mwalimu. Alikuwa na mashini ya kupiga picha, na alipiga mamia: nyumba, nywele za wanawake, ngoma, viti vya wafalme, watu wa siri wa bambudye, watu wa kawaida katika kazi zao. Alikusanya methali za Baluba, kwa mamia na mamia, akazitoa katika gazeti la wasomi. Na mwaka 1961 jumba la Tervuren, karibu na Bruxelles, likachapisha kitabu chake kikubwa juu ya dini na uganga wa Baluba. Wasomi wanaoandika leo juu ya Baluba, hata wale wasiopenda misioni, hawawezi kukiruka.

Sasa tunafika kwenye mfupa wa jambo lenyewe. Kapamu huyu aliyeandika uganga wa Baluba ndiye aliyehubiri kwamba uganga uachwe. Watu walipoingia kanisani, walileta hirizi, sanamu na vitu vya mababu, na mara nyingi vilichomwa moto mbele ya watu wote. Ilikuwa alama ya kuanza maisha mapya. Wazee wa kanisa wanaieleza mpaka leo na furaha, na hatuna haki ya kuwacheka: wengi wao walikuwa wanaogopa vile vitu kweli, na siku vilipoungua walilala usingizi. Lakini si vitu vyote vilivyokwenda motoni. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Kapamu alianza kutuma vitu vya Baluba kwenye chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kwa walimu waliokuwa wanafundisha desturi za watu. Vingine, pamoja na picha na maandishi, vilikwenda Tervuren. Mkono mmoja ulikuwa unawasha moto, na mkono mwingine ulikuwa unafunga sanduku na kuandika jina la kitu, jina la kijiji na kazi yake.

Watu wengine wanasema kwamba huyo alikuwa mwizi. Wengine wanasema bila yeye hata kile kidogo kingekuwa majivu. Sisi tunaona kwamba yote mawili yanakosa swali kubwa. Swali ni hili: ni nani alikuwa na fasi ya kuweka vitu? Johannesburg ilikuwa na makabati, Tervuren ilikuwa na makabati, na hata Élisabethville ilikuja kuwa na jumba lake, lile ambalo leo ni Musée national de Lubumbashi. Kinkondja haikuwa na kabati. Mahali pasipo kabati, kitu kinakwenda kwa mwenye kabati. Ndivyo ilivyokuwa kwa shaba pia. Sisi tunaofanya kazi ya migodi tunajua vizuri namna kitu kinaweza kutoka chini ya miguu yako, kikapita kwenye reli mbele ya macho yako, kikapata jina na bei kule mbali.

Hii tunaisema na habari ya Sanga mkononi. Sanga ni kijiji kando ya ziwa Kisale, jirani na Kinkondja. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba pale makaburi ya zamani. Jacques Nenquin akaandika ripoti iliyotoka Tervuren mwaka 1963. Kisha katika miaka ya 1970, Pierre de Maret akachimba fasi nyingine za bonde lile lile, kama Katongo, Kamilamba na Malemba-Nkulu. Walichopata kinatosha kufanya mtu yeyote wa kwetu ainue kichwa. Watu walikuwa wanaishi kando ya yale maji tangu zaidi ya miaka 1,000. Walizikwa na vyungu vizuri sana, vya mtindo ambao wataalamu wameuita wa Kisale, vya kati ya karne ya 8 na ya 13. Walikuwa na vitu vya chuma vya kazi, na mapambo ya shaba. Na baadaye wakawekewa misalaba midogo ya shaba, ambayo kidogo kidogo ikawa kama pesa.

Lakini bonde la Upemba halina shaba. Ile shaba ilitoka kusini, fasi za migodi yetu, kilometa mamia. Maana yake nini? Maana yake mbele ya Union Minière, mbele ya Wabelgiji, mbele ya Kapamu, mvuvi na mchimba madini walikuwa tayari wanajuana. Samaki wa kukauka, chumvi na bidhaa nyingine zilipanda, shaba ikateremka. Wataalamu wengi wanaona kwamba nguvu ya Baluba ilizaliwa katika bonde hili lenye samaki na watu wengi, kabla ya kuenea pande zote. Kwa hiyo mvuvi si mtu wa pembeni katika historia yetu. Yeye ndiye msingi.

Na katika wakati wa wazungu kazi yake iliendelea. Kwenye makambi ya wafanyakazi, kampuni ilikuwa inatoa posho: unga, mafuta, chumvi, na mara nyingi samaki ya kukauka. Samaki ya maziwa yetu ilipanda treni Bukama, ikaenda mpaka kwenye miji ya shaba, na mpaka leo mama anayeuza samaki katika soko la Likasi au la Kolwezi atakuambia Bukama bila kufikiri. Mchimbaji alishuka shimoni na nguvu ya bukari na samaki. Katika hesabu za shaba tani zimeandikwa kila mwaka. Jina la mvuvi aliyelisha ile mikono hutalikuta.

Sisi wa sendika tunajua uzito wa kukosa kuandikwa. Desemba 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière, Élisabethville, waligoma kwa ajili ya mishahara. Siku ya tarehe 9 askari wakapiga risasi kwenye uwanja wa mpira, na Léonard Mpoyi, aliyekuwa anawasemea wenzake, akauawa. Hata hesabu ya waliokufa siku ile watu wanaigombania mpaka leo. Ni juu ya nini? Juu ya kwamba wenye kalamu walikuwa upande mmoja. Kwa hiyo tunapoomba nyumba ya wavuvi hatuombi mchezo wa watalii. Tunaomba kalamu na kabati.

Mwisho wa Kapamu katika Kongo ulikuwa wa machungu. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na siku chache tu nyuma, tarehe 11 Julai, Katanga ikajitenga. Kaskazini ya Katanga ikawa fasi ya vita: askari wa Tshombe upande mmoja, vijana wa Balubakat upande mwingine, na vijiji vikaungua katikati. Novemba 1960, Teddy Hodgson na mwenzake Elton Knauf, mtu wa New Zealand, waliuawa na vijana wenye silaha. Hodgson alikuwa amefanya miaka 40 kati ya watu wetu. Ni kisa ambacho familia nyingi hazipendi kukizungumza, juu waliokufa mwaka ule walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa Baluba ambao hakuna kitabu kilichoandika majina yao. Wamisionari wakaondoka. Kapamu, mzee wa zaidi ya miaka 70, akaacha Mwanza. Kanisa likabaki mikononi mwa wenyeji, na halikufa, lilikua zaidi. Yeye alikufa Afrika ya Kusini, Januari 1971, na miaka 84.

Tukipima maisha yake, tunaona hivi. Alikuwa mtu wa kazi, hakuogopa kuchafua mikono. Aliheshimu lugha yetu kuliko wakubwa wengi wa wakati ule, ambao waliishi miaka 20 na kujua maneno ya kuamuru tu. Lakini alikuwa pia mtu wa wakati wake. Aliamini kwamba yeye ndiye anajua kipi kichomwe na kipi kibaki, na mtu wa kijijini hakuulizwa kama sanduku liende Johannesburg au libaki. Tena aliandika vizuri namna kitu kinavyotumika, lakini mara nyingi jina la fundi aliyekitengeneza halikufuata. Kitu kina kabila, hakina mtu. Hii ndiyo kasoro ambayo nyumba yetu inaweza kuitengeneza, na haihitaji ruhusa ya Ulaya.

Kwa upande wa Ulaya, mambo yanasogea polepole. Kati ya 1976 na 1982, Tervuren ilirudisha vitu 114 kwa taifa letu, na katika machafuko ya miaka ya 1990 vitu vingi vya majumba yetu viliibwa na kuuzwa. Kinshasa ilipata jumba jipya la taifa mwaka 2019. Februari 2022 Ubelgiji ilimpa waziri mkuu wetu orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren, na mwaka ule ule ikatunga sheria ya kurudisha. Ni vizuri. Lakini tuseme kweli: hata wakirudisha kesho, vitu vitafika Kinshasa. Kutoka Kinshasa mpaka Kinkondja ni mbali, na kitu hakitembei peke yake kwenda fasi isiyo na paa.

Njo maana tunasema tuanze na paa. Kwenye bandari za samaki za Lualaba watu wanazijua zile nyumba: ukuta wa matofali, mabati juu, sakafu ya simenti ambayo harufu ya samaki haitoki hata ukiosha mara kumi. Nyumba ya namna hiyo haina haja ya kubadilishwa sana. Harufu yenyewe ni sehemu ya historia. Jambo la kwanza ni kuchagua fasi ambayo maji ya masika hayafiki, juu Lualaba haiheshimu makaratasi. Jambo la pili ni haki ya nyumba: iandikwe ni ya nani, kati ya chefferie, wavuvi na wenye udongo, mbele ya kupaka rangi. Tumeona miradi mingi ambayo ilikufa siku ya kwanza watu walipouliza nani anashika ufunguo.

Jambo la tatu ni vitu. Hatuna haja ya kungoja Tervuren wala Johannesburg. Mtumbwi wa mti mzima ungali unachongwa. Wazee wanaojua kusuka migono wangali hai, lakini si kwa muda mrefu. Nyavu za nailoni zimefukuza nyavu za nyuzi za miti, na sasa kuna vyandarua vya mbu ambavyo watu wanavulia samaki wadogo kabla hawajazaa. Wavuvi wenyewe wanalalamika kwamba samaki imepungua na imekuwa ndogo. Mtoto akiona ndani ya nyumba ile mugono wa babu, wenye matundu makubwa, ambao ulikuwa unaacha samaki ndogo ipite, ataelewa kwa macho jambo ambalo hotuba nyingi za wakubwa hazikumfundisha. Tena tusisahau wamama. Kuvua ni nusu ya kazi tu. Kukausha, kufunga, kubeba na kuuza ni nusu nyingine, na katika picha za zamani hiyo nusu mara nyingi haina jina.

Tunajua mfano mmoja mdogo si mbali sana, ng'ambo ya Tanganyika. Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, kuna jumba dogo la kumbukumbu karibu na maji, kati ya watu wa uvuvi. Si kitu kikubwa. Lakini watoto wa shule wanaingia, wageni wanalipa kidogo, na fasi inajulikana. Kama wazungu wawili waliokutana kwa muda mfupi wanaweza kuwa na nyumba, wavuvi waliokaa miaka 1,000 kwenye Kisale wanaweza pia.

Ya mwisho ni daftari, na hapa tunachukua somo kwa Kapamu mwenyewe. Nguvu yake ilikuwa kuandika palepale: kitu, fasi, kazi. Sisi tuongeze sehemu ya nne aliyoiacha: jina la aliyekitengeneza na la aliyekitoa. Mtu akileta ndoana ya chuma ya baba yake, iandikwe, aweke alama yake, apewe karatasi inayosema kwamba ni yake na ameikopesha nyumba. Kijana mmoja mwenye kalamu, aliyemaliza shule ya sekondari, anaweza kuanza kesho asubuhi pale bandarini kwa daftari ya makuta kidogo, hata mbele ya ukuta wa kwanza kusimama. Vijana wa namna hiyo Kinkondja wapo. Sisi tulio migodini tuko tayari kununua ile daftari, na mabati yatafuata.